Gari la Mkwe Lataka Nguvu

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Leo nimekabidhiwa ufunguo wa gari la mkwe wangu. Si kukabidhiwa hasa. Ulikuwa umening'inia kwenye msumari jikoni kwa binti yangu, nami nikawa wa kwanza kuufikia. Mkwe yuko safari ya kikazi mpaka mwisho wa mwezi. Gari limefunikwa turubai uani, limenuna.

Habari yenyewe ni hii. Mke wangu kalazwa hospitali ya macho, ile ya juu mlimani. Ana mtoto wa jicho. Walitaka kumfanyia mara moja, presha ikapanda, wakasema ishuke kwanza. Sasa watamfanyia Alhamisi, Jumamosi anatoka. Mimi nimemwahidi kwamba nitamrudisha nyumbani kwa gari, usukani nimeshika mwenyewe. Nilisema mbele ya wodi nzima na muuguzi. Maneno kama hayo huwezi kuyameza tena.

Kumbe shemeji yangu naye kaahidi hivyo hivyo. Huyu ni kaka wa mke wangu, alikuwa karani maisha yake yote. Mtaa mzima unamwita Bwana Kioo, kwa sababu gari lake analifuta mpaka unaweza kunyolea ndevu ubavuni. Kalinunua juzi juzi, refu, jeupe, linatembea kama linaogopa kuchafua viatu. Kaja asubuhi kuniambia eti shemeji, wewe kaa upumzike, dada yangu nitamchukua mimi, barabara ile ya mlimani haifai wazee. Mzee nani? Yeye ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Mimi nimeendesha lori la mbao tangu ndevu zangu zinaota mpaka zikaota mvi. Yeye ameendesha kalamu.

Binti yangu akatuamua. Kasema kwanza Baba apewe nafasi ya kulijaribu gari wiki hii, apande mpaka hospitali na kurudi. Likienda vizuri, Mama atarudi na Baba. Likizimika njiani, hata mara moja, Mama atarudi na Mjomba, na ufunguo utarudi msumarini. Akarudia: "Hata mara moja, Baba." Nimesema sawa, kwa dharau kidogo.

Mchana nimelijaribu. Aibu tupu. Linapanda mlima kama ng'ombe anayejua anapelekwa machinjioni. Linavuta, linalalamika, linanuka kama nguo iliyoungua na pasi. Mbele yangu kuna taa nyekundu ilikuwa inawaka njia nzima. Sikuijali. Taa za magari ya siku hizi ni mapambo.

Sikufika hospitali, nikageuza katikati ya mlima, na njiani nikatafakari ugonjwa wake. Kabla sijafika nyumbani nimeupata. Gari hili linakunywa petroli.

Jumanne, tarehe 5 Agosti

Petroli ni maji. Inawaka haraka, inakwisha haraka, kama hasira za shemeji. Dizeli ndiyo yenye nguvu. Lori langu lilikunywa dizeli tupu na lilipanda milima na magogo mgongoni, halikusema neno. Tia kidole kwenye dizeli, utaona kuna kitu kimekushika. Petroli haikushiki.

Basi nitaliongezea gari nguvu. Si dizeli peke yake, mimi si mjinga. Nitachanganya.

Nimekwenda kituo cha mafuta. Kuna binti pale kwenye pampu, mfupi, kofia imemfunika masikio. Nimemwambia tia dizeli. Akauliza kama gari hili si la petroli, babu. Nikamweleza mimi nilikuwa natia dizeli kabla mama yake hajajua kutembea. Akanionyesha kibandiko kwenye kifuniko cha tangi, kimeandikwa petroli kwa herufi kubwa. Kusoma najua, hasa herufi kubwa. Nikamwambia yale ni maneno ya watu wa kiwandani, hawajawahi kupanda mlima wetu. Akasema yeye hatii, babu, utaniponza, nina watoto.

Nikachukua mdomo wa pampu mwenyewe. Haukuingia. Mdomo wa dizeli mnene, shingo ya tangi nyembamba. Nikasukuma. Nikazungusha. Nikasukuma tena. Nyuma yangu foleni inapiga honi. Dereva mmoja wa teksi akatoa kichwa dirishani akaniambia, "Mzee, posa imekataliwa hiyo, rudi nyumbani." Watu wakacheka mpaka yule binti naye.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nimenunua dizeli ndani ya dumu.

Uani nimekata chupa ya maji, nikaigeuza juu chini ikawa faneli. Imeingia safi. Nikamimina polepole. Tangi likapiga kwikwi, likanyamaza. Nadhani lilishiba.

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Limewaka papo hapo. Nikacheka peke yangu. Nikatoka uani mkono mmoja nje, kama zamani.

Kufika kona ya shule likakohoa. Nikaliambia kohoa tu, ni nguvu inaingia. Likatoa moshi mweupe. Mwanzo kidogo. Halafu nyuma yangu mtaa ukapotea. Nilisikia watu wanaulizana nini kinaungua. Likaruka mara kadhaa kama mbuzi, likalala. Limelala wapi? Mlangoni kwa Bwana Kioo. Barabara yote ile, limechagua pale.

Naye alikuwa nje, kitambaa mkononi, anafuta kioo cha pembeni. Akauliza kuna nini. Nikasema nimepita kukusalimu. Akauliza tangu lini nasalimia watu kwa moshi. Nikashuka, nikaingia kwake, nikaomba maji ya kunywa. Nikaomba mengine. Nilikuwa nalipatia gari muda wa kupumua. Glasi ya tatu akaniuliza kama nina mpango wa kulala.

Nikarudi kwenye usukani. Kimya. Akina mama wanaouza mboga pale ng'ambo wakaja kusukuma. Mimi nimekaa ndani natoa amri. Wanasukuma, haliendi. Nikawaambia watie nguvu, hawakula? Mmoja mnene akaja dirishani akachungulia, akasema, "Babu, toa breki ya mkono kwanza, unatuua bure."

Ilikuwa imevutwa. Sijui nani kaivuta. Nadhani tangu Jumatatu. Yule mama akasema ndiyo maana ile taa nyekundu inawaka. Nikamwambia najua, nilikuwa nalizoesha gari kazi ngumu. Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini, halafu wakalisukuma mpaka uani kwangu. Hata hivyo mambo ya breki hayahusiani na mambo ya dizeli. Dizeli bado ni dizeli.

Shemeji kaahidi hatasema kitu. Aliahidi huku anatabasamu. Nikajua habari itafika kabla yangu.

Kweli. Binti yangu kanisubiri mlangoni na mikono kiunoni. Kasema limezimika, Baba. Nikasema halikuzimika, nimelizima mimi ili nimsalimu mjomba wako. Akauliza na moshi? Hapo nikasema neno ambalo lilikuja lenyewe. Nilisema ni yule binti wa kituo cha mafuta, kanitilia mafuta machafu.

Binti yangu akanitazama juu mpaka chini. Mwishoni akasema basi, Ijumaa jioni atakuja niliwashe mbele yake. Likiwaka, nitamfuata Mama. Lakini kituoni atakwenda kuuliza. "Mtu hawezi kuharibu gari la mume wangu akaachwa hivi hivi," akasema.

Hilo la kwenda kuuliza sikulipigia hesabu.

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Leo ndiyo siku ya jicho. Nimeamka kabla ya jogoo. Huyu mwanamke hajaona uso wangu vizuri siku nyingi, anaujua kwa sauti. Huwa anamimina chai kwa kusikiliza kikombe kinavyojaa. Nikakaa, nikasimama, nikakaa. Nikaona dawa ya wasiwasi ni kazi.

Kazi ni kuitoa dizeli. Nimechukua mpira wa kumwagilia bustani, nikautumbukiza kwenye tangi, nikavuta kwa mdomo. Zamani tulikuwa tunafanya hivi kila wiki. Zamani nilikuwa na pumzi ya kuacha kwa wakati. Leo nimevuta, nimevuta, halafu ikaja yote. Nimemeza. Nimetema. Nimelala chali kwenye majani natazama mawingu. Hata hivyo niliitambua kwa ladha, ilikuwa dizeli nzuri kabisa. Yule binti wa pampu hana lawama upande wa mafuta.

Nikiwa pale chini simu ikalia. Binti yangu, kutoka hospitali. Upasuaji umekwenda salama. Mama anaendelea vizuri, jicho limefungwa. Kitu cha kwanza kuuliza ni kama Baba amekula. Nikasema mwambie nimekula. Machozi yalinitoka. Binti yangu alidhani ni ya furaha. Mengi yalikuwa ya furaha.

Kurudi kwenye gari, mpira umekwama. Hautoki, hauingii. Nikaukata karibu na shingo, nikafunga kifuniko. Kifuniko hakikufunga vizuri.

Ikabidi nimwite fundi. Anaitwa Fundi Kesho, jina linajieleza. Kaja na sanduku lake, kanusa tangi. Kanitazama. Kaja karibu, kaninusa mimi. Akasema, "Mzee, wewe na gari mna ugonjwa mmoja."

Nimemwambia aseme dawa, asitoe hotuba. Kasema tangi lishushwe, limwagwe lote, mabomba yasafishwe, na plagi zitolewe zioshwe. Akavuta ule mpira kwa koleo, ukatoka kama nyoka. Akauliza kama na huu nao ulikuwa wa kuongeza nguvu. Nikamuuliza tu lini. Anajua kusema neno moja.

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Fundi kaja kweli. Nilidhani atachelewa kama jina lake, hakuchelewa. Mpaka saa sita gari limewaka, linanguruma kama paka aliyeshiba. Nimeliacha linawaka nikalizunguka mara mbili. Nimeshinda. Nikavaa shati safi nikakaa kizingitini kumsubiri binti yangu.

Kaja mapema. Hakulitazama gari. Kasema twende kituoni kwanza, Baba.

Nikasema gari limepona, ya nini kusumbua watu. Kasema panda.

Tumefika. Kaita mwenye kituo, bwana mmoja na tumbo lake. Kamweleza kwa sauti ya kanisani, chini na kali, kwamba mtumishi wake kamtilia mzee wa watu mafuta machafu. Mwenye kituo akamwita yule binti wa kofia. Akamwambia avue sare, aende nyumbani, hapa hapahitaji wazembe. Binti akanitazama mimi. Alikuwa anafungua kifungo cha shingo. Nilikuwa natafuta sentensi nzuri ya kuanzia. Naapa nilikuwa naitafuta.

Sentensi ikatoka kwa mwingine. Yule dereva wa teksi alikuwa pampu ya pili. Katoa kichwa kile kile. Kasema kwa nguvu, "Si huyu ndiye mzee wa posa? Binti alimkatalia dizeli, akatubana foleni nzima anasukuma mdomo kwa nguvu. Akaondoka na dumu!" Watu wawili wengine wakasema ndiyo huyu. Mmoja akaigiza nilivyokuwa nasukuma. Aliigiza vizuri.

Binti wa pampu akafunga kifungo chake. Binti yangu akamwomba radhi kwa niaba yangu, tena na tena, amemshika mikono. Nami nikatikisa kichwa kuonyesha kwamba nimeikubali radhi hiyo.

Kurudi kaendesha yeye. Nyumbani kachukua ufunguo, hakuurudisha hata msumarini, kautia mkobani, akavuta zipu. Kasema dizeli ningekusamehe, Baba, lakini ule mdomo wako ungemfukuzisha mtu kazi. Kesho Mama anarudi na Mjomba. Ukitaka kuja, utakaa nyuma.

Nimekaa kizingitini na shati langu safi mpaka jua likazama. Nimemwahidi mbele ya wodi nzima.

Lakini nimefikiri. Nilimwahidi gari. Sikusema la nani.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Nimekaa nyuma. Shemeji mbele, binti yangu pembeni yake. Kiti kina plastiki bado, kila nikigeuka kinalia. Shemeji kanitazama kwenye kioo akauliza kama niko sawa huko, shemeji, nisiguse dirisha kwa vidole.

Kabla ya mlima akaingia kituo kingine, kile kipya. Binti yangu akashuka kununua miwani ya jua ya mama yake. Shemeji simu yake ikalia, akasogea kando kuzungumza, akaniachia kazi: nishuke nisimamie ajaze tangi. Nadhani alinionea huruma akanipa heshima ndogo.

Mhudumu akauliza tunatia nini. Kibandiko hakuna. Shemeji alikibandua kwa sababu kilikuwa kinachafua rangi. Basi jibu likawa langu peke yangu. Wiki hii nimesoma. Gari dogo la kifahari, la mtu wa ofisini, linalong'aa hivi, litakunywa nini? Dizeli ni ya malori, nimefundishwa hadharani. Nikamwambia petroli, jaza mpaka juu.

Mdomo ukaingia bila ugomvi wowote. Nikajua nimepatia.

Mlimani likaanza kugonga. Kama kuna mtu ndani ya boneti na nyundo anataka kutoka. Shemeji akakanyaga mafuta, mtu wa nyundo akaongeza bidii. Likafa hatua chache chini ya geti la hospitali. Shemeji akashuka, kafungua boneti, kafuta kitu kwa leso, kafunga. Akaniuliza nimetia nini. Nikasema petroli, nini tena. Akakaa kwenye jiwe na suruali yake nyeupe. Sijawahi kumwona anakaa kwenye jiwe. Kasema, taratibu kabisa, "Shemeji, hili ni la dizeli."

Ukweli niliona vibaya. Lakini pia niliona kwamba nilikuwa na haki tangu mwanzo. Dizeli ni mafuta ya magari mazuri.

Binti yangu kasema mimi nisiguse chochote, nisiseme chochote, nisifikiri chochote. Akapanda kwa miguu kumtoa Mama. Shemeji akateremka kwa miguu kumtafuta Fundi Kesho. Nikabaki kulinda. Ufunguo uliachwa mahali pake, kando ya usukani.

Mara namwona mke wangu getini na muuguzi, jicho moja limefunikwa. Binti yangu alikuwa bado dirisha la dawa, na mke wangu hana subira ya madirisha. Jicho lililofanyiwa walishalifungua asubuhi kidogo wampime, kwa hiyo alikuwa amelegeza kile kibandiko, anachungulia dunia. Akachungulia mimi. Akasogeza uso karibu. Halafu akasema, "Umezeeka." Nikamwambia ni dawa wamekutia jichoni. Akacheka, akashika bega langu.

Akasema umekuja kweli. Nikasema nilikwambia. Akauliza na gari? Nikasema si ndilo hili hapa. Akaligusa ubavuni, akasema ni la kaka yangu hili, linateleza. Linatembea? Mimi sisemi uongo kwa mgonjwa. Nimesema linabingirika.

Watunza bustani wa hospitali wakatusaidia kuligeuza likaangalia chini. Nimemkalisha mbele, nimemfunga mkanda. Ufunguo nikauzungusha kidogo ili usukani usifunge. Breki ya mkono nikaitoa, hilo nalijua. Tukaondoka bila sauti. Usukani mgumu kama wa lori, nikajisikia nyumbani. Breki ikawa ngumu pia, nikaikanyaga kwa miguu yote miwili na nikawa nazungumza nayo. Mke wangu kashusha kioo. Anaita vitu kwa majina. Ua lile jekundu. Mbuzi yule. Mtu yule kavaa soksi mbili tofauti. Mimi nashuka kona, jasho linanitiririka, yeye anahesabu madirisha ya watu.

Kona ya mwisho tukakutana na shemeji anapanda na fundi. Alipunga mikono yote miwili. Nikampigia honi ya heshima. Mke wangu akampungia.

Tambarare ikatushika mbele ya duka la mikate, karibu kabisa na kwetu. Nikavuta breki ya mkono. Tulimalizia kwa miguu, kanishika mkono. Nimemrudisha nyumbani kwa gari, usukani nimeshika mwenyewe. Tena bila mafuta. Nani mwingine?

Jumapili, tarehe 10 Agosti

Shemeji hazungumzi na mimi. Binti yangu anazungumza na mimi kupita kiasi. Alitutafuta hospitali nzima mpaka chumba cha kufulia. Mkwe kapiga simu, alicheka sana mwanzoni, halafu akauliza kuhusu gari lake, kicheko kikakatika. Funguo zote za ukoo sasa ziko kwenye mkoba ule wenye zipu.

Mke wangu alitaka kunigombeza, akashindwa kwa kucheka, na daktari kamkataza kucheka sana kwa ajili ya mshono. Ikabidi atoke nje. Aliporudi aliniambia mambo mawili. La kwanza, kesho nitakwenda kituoni kumwomba radhi yule binti kwa mdomo wangu mwenyewe, na yeye atasimama kando anitazame, maana sasa anaona. Nimesema ndiyo. La pili, Alhamisi anarudi mlimani kwa jicho la pili, na tutakwenda kwa basi kama watu wengine. Nimesema ndiyo.

Basi lile linajaa. Atasukumwa na jicho lile.

Mchana nimepita kwa Fundi Kesho. Ana pikipiki ya magurudumu matatu imekaa nyuma ya karakana, ina kiti kizuri cha mgonjwa. Kasema nikiiwasha niichukue. Inakunywa petroli iliyochanganywa na oili, lakini akasisitiza mzee, oili kidogo sana, kwa kipimo chake, kipo pale kimening'inia.

Nimekitazama. Kikopo cha kunyweshea kuku. Kwa mlima ule? Oili ndiyo yenye nguvu, hata mtoto anajua, petroli ni maji tu. Nitaweka nusu kwa nusu.

Mke wangu kauliza naandika nini muda wote huu. Nimemwambia hesabu za basi.